Kerneli mpya, kifaa kimegoma: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Kila baada ya wiki tisa au kumi hivi, Linus Torvalds hutoa toleo jipya la kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza maunzi. Kila toleo huja na draiva mpya (programu za kuendesha vifaa), hurekebisha za zamani, na mara chache hufuta zile zisizo na mtu wa kuzitunza. Wengi husasisha kwa sababu wana laptopu mpya na kuna kitu ndani yake hakitambuliki. Wengine yanawakuta ya kinyume: kilichokuwa kikifanya kazi jana, leo kimegoma baada ya sasisho. Wote huishia kuuliza kama Linux inakikubali kifaa chao, na swali hilo halina jibu likiulizwa hivyo.

Chukua kadi ya Wi-Fi. Ili ifanye kazi, mambo manne lazima yakutane. Kerneli iwe na draiva inayoijua namba ya kadi hiyo. Walioandaa distro yako (Ubuntu, Debian, Fedora au nyingine) wawe wameijumuisha draiva hiyo walipoijenga kerneli yao. Faili la fimwea, lile ambalo draiva hulipakia ndani ya kadi, liwepo kwenye diski. Na ikiwa Secure Boot, kinga inayokataa msimbo usio na saini, imewashwa, moduli ya draiva (faili lake ambalo kerneli hulipakia) iwe na saini inayokubalika. Likikosekana lolote kati ya hayo, wewe unaona kitu kimoja tu: hakuna Wi-Fi. Kerneli lakini haiyachanganyi, kila kosa huacha dalili yake, kwenye logi (kumbukumbu ya matukio) au kwenye orodha ya vifaa. Isome hiyo kwanza, kabla ya kusakinisha, kufuta au kunakili amri ya mtu mwingine.

Amri tatu za kuanzia

`uname -r`
`lspci -nnk`
`sudo dmesg --level=err,warn`

Ya kwanza hukuonyesha kerneli inayoendesha mashine sasa hivi, ambayo huenda siyo uliyoisakinisha punde. Baadhi ya distro, Arch ikiwemo, hufuta moduli za kerneli ya zamani mara tu mpya inapoingia. Matokeo yake ni tatizo linaloonekana la ajabu: umesasisha, hujawasha upya, unachomeka flashi na hakuna kinachotokea. Flashi ni nzima. Moduli inayohitajika haipo tena kwenye diski kwa ajili ya kerneli iliyo kazini. Washa upya, basi.

Ya pili ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Kila kifaa cha PCI huorodheshwa na jozi ya namba kwenye mabano, kwa mfano `[14c3:7961]`. Sehemu ya kwanza ni ya mtengenezaji (14c3 ni MediaTek, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 10de ni NVIDIA) na ya pili ni ya kifaa chenyewe. Hiyo jozi ndiyo utafute unapotaka kujua draiva yake, kwa sababu jina lililobandikwa kwenye boksi hubaki lile lile hata chipu ya ndani ikibadilishwa. Kisha tazama mistari miwili iliyo chini ya kifaa. Kama kuna `Kernel modules:` lakini hakuna `Kernel driver in use:`, draiva ipo ila imeshindwa kukishika kifaa, na hapo washukiwa ni fimwea au saini. Kama mistari yote miwili haipo, kerneli hii haina draiva ya kifaa hicho. Kwa vifaa vya USB tumia `lsusb -t` utazame kama mbele ya kifaa kuna jina la draiva.

Wi-Fi haionekani kabisa

*Kerneli ni ya zamani kuliko kadi.* Draiva ya mt7921 ya MediaTek iliingia kwenye 5.12. Ile ya rtw89, ya kadi za Realtek za Wi-Fi 6, iliingia kwenye 5.16. Kadi za Wi-Fi 7 za Qualcomm zinategemea ath12k iliyoingia kwenye 6.3. Sasa pima: Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli 6.1. Mwenye kadi ya ath12k anaweza kukesha akibadilisha mipangilio na asipate kitu, maana msimbo anaouhitaji haumo. Dawa yake ni kerneli mpya zaidi kutoka hazina ya backports ya Debian hiyo hiyo, yenye vifurushi vipya vilivyoandaliwa kwa toleo la zamani. Kwenye Ubuntu za LTS (zinazotunzwa muda mrefu) njia ni kifurushi cha HWE, chenye kerneli mpya zaidi, kwa mfano `linux-generic-hwe-22.04`, kilichoitoa 22.04 kwenye 5.15 hadi 6.8.

Tahadhari moja kuhusu namba hizi. Red Hat Enterprise Linux 9 inajitambulisha kama 5.14, lakini wahandisi wake huchukua draiva za matoleo ya mbele na kuzipandikiza humo. Kwa hiyo 5.14 ya Red Hat na 5.14 ya kawaida zinashiriki jina kuliko zinavyoshiriki yaliyomo. Ukitaka uhakika, iulize kerneli yenyewe: `modinfo rtw89_pci` itakujibu kama moduli ipo. Au tafuta jina la kipengele ndani ya `/boot/config-$(uname -r)`; ukikuta `=m` au `=y` kimejengwa, ukikuta `is not set` waliokujengea waliamua kukiacha.

*Fimwea haipo.* Hapa ndipo kesi nyingi huangukia, na ndipo watu hupotoshwa zaidi na logi yenyewe. Ujumbe huwa hivi:

`iwlwifi 0000:00:14.3: Direct firmware load for iwlwifi-so-a0-gf-a0-72.ucode failed with error -2`

Kosa namba -2 maana yake faili halikupatikana. Ukiuona mstari huo usishtuke bado. Draiva ya iwlwifi huanza kuomba fimwea mpya kabisa inayoijua, ikikosa hushuka namba moja, kisha nyingine, hadi ipate. Unaweza kukuta mistari minne ya kushindwa ikifuatiwa na mmoja wenye `loaded firmware version`, na kila kitu kikawa sawa. Watu wamefuta mfumo mzima kwa sababu ya mistari hiyo minne isiyo na madhara. Tatizo la kweli ni pale mwisho wake unaposomeka `no suitable firmware found!`

Hali hii hutokea sana kwa mtu aliyesasisha kerneli peke yake na kuacha kifurushi cha fimwea. Hivi ni vitu viwili tofauti vinavyosafiri kwa ratiba tofauti. Kwenye Ubuntu na Fedora sasisha `linux-firmware`. Kwenye Debian vifurushi vimegawanywa, `firmware-iwlwifi`, `firmware-realtek` na vinginevyo, na viko kwenye sehemu iitwayo non-free-firmware. Diski ya kusakinishia Debian ilianza kuja navyo kuanzia toleo la 12. Kabla ya hapo ulihitaji intaneti ili upate fimwea ya kadi ambayo ingekupa intaneti. Ukikwama namna hiyo, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Kerneli huichukulia simu kama kadi ya mtandao na kwa kawaida haidai fimwea yoyote.

Kwa wanaojijengea kerneli wenyewe kuna mtego mdogo. Distro nyingi siku hizi huhifadhi fimwea ikiwa imebanwa, majina ya faili yakiishia `.xz` au `.zst`. Kerneli iliyojengwa bila `CONFIG_FW_LOADER_COMPRESS` haiwezi kuyafungua, na aina ya zstd imekubalika kuanzia 5.19 tu. Faili unaliona kwa macho kwenye `/lib/firmware`, kerneli inaapa halipo, na wote wawili mko sahihi.

*Kadi imezimwa.* `rfkill list`. Ukiona `Hard blocked: yes`, tafuta swichi au kitufe kwenye laptopu.

*Mabaki ya draiva ya zamani.* Miaka kadhaa iliyopita wenye kadi za Realtek walizoea kupakua draiva kutoka nje ya kerneli. Tangu rtw88 ilipoingia kwenye 5.2, chipu nyingi kati ya hizo zimehamia ndani. Lakini skripti zile za usakinishaji zilikuwa na tabia ya kuacha faili ndani ya `/etc/modprobe.d` lenye neno `blacklist`, linaloizuia draiva ya ndani isipande. Unasasisha kerneli ukitarajia nafuu, kumbe zuio liliwekwa siku nyingi na limesahaulika. Ondoa draiva ya nje kwa `dkms remove` (DKMS ni zana inayojenga upya moduli za nje kwa kila kerneli), kisha upekue faili hizo.

Draiva ya NVIDIA au VirtualBox imekufa baada ya sasisho

Jaribu kuipakia kwa mkono, kwa mfano `sudo modprobe nvidia`, usome jibu kwa makini kwa sababu majibu mawili yanayofanana yana tiba tofauti kabisa.

`Module nvidia not found in directory /lib/modules/...` humaanisha moduli haikujengwa kwa ajili ya kerneli hii mpya. `dkms status` itathibitisha. Sababu nyepesi ni kukosekana kwa vichwa vya kerneli, faili zinazohitajika kujenga moduli za nje: kwenye Debian na Ubuntu sakinisha `linux-headers-$(uname -r)` kisha `sudo dkms autoinstall`. Ujenzi ukianza na kukatikia njiani, fungua `make.log` iliyo ndani ya saraka ya moduli hiyo chini ya `/var/lib/dkms`. Ukikuta humo `implicit declaration of function` au `too few arguments`, usihangaike na vichwa tena. Kerneli imebadilisha kazi zake za ndani na draiva yako bado inaita zile za zamani. Ahadi ya watunzaji wa kerneli ni kutovunja programu za watumiaji. Kwa moduli za nje hawajawahi kuahidi chochote, na hubadilisha mambo wanavyoona inafaa. Ama usubiri draiva mpya, ama urudi kwenye kerneli iliyotangulia.

`Key was rejected by service` ni kesi nyingine. Moduli imejengwa vizuri, ila saini yake haitambuliki. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state` kwamba Secure Boot imewashwa, kisha sajili ufunguo uliotumika kutia saini. Kwenye Ubuntu ufunguo huo hukaa `/var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, DKMS za karibuni kwenye Debian huuweka `/var/lib/dkms/mok.pub`:

`sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`

Utaombwa nenosiri la kutumika mara moja. Washa upya, na kabla Linux haijapanda itatokea skrini ya buluu. Chagua `Enroll MOK` na uweke nenosiri lile. Skrini hiyo haisubiri sana. Wengi huipita wakidhani ni hitilafu, na usajili inabidi uanze upya.

Kuzima Secure Boot kabisa kunaondoa tatizo kwa dakika moja, na kwa kompyuta ya michezo iliyokaa nyumbani sioni dhambi. Kwa laptopu inayobeba kazi za ofisi ningechukua hizo dakika chache za kusajili ufunguo. Na kama umekuwa ukijiuliza kwa nini hibernation (kuhifadhi kazi zote kwenye diski na kuzima) imetoweka kwenye menyu, chanzo kinaweza kuwa hicho hicho. Tangu 5.4 kerneli ina kipengele kiitwacho lockdown, ambacho distro nyingi hukiwasha pamoja na Secure Boot, nacho huizuia hibernation. Kwenye logi kuna mstari wenye neno `Lockdown:` na maneno `hibernation is restricted`.

Kompyuta haipandi: Unable to mount root fs

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Sifuri hizo mbili zinaeleza karibu yote: kerneli haikuona diski hata moja. Kwa kawaida hiyo ni kwa sababu imepanda bila initramfs, lile faili dogo lenye draiva za diski zinazohitajika mwanzoni. Na initramfs hukosekana mara nyingi kwa sababu `/boot` ilijaa katikati ya sasisho. Kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka, ingia `Advanced options`, uchague kerneli iliyotangulia, kisha `df -h /boot`. Ikiwa imejaa, ondoa kerneli za zamani kupitia meneja wa vifurushi, kamwe siyo kwa `rm`, halafu uijenge upya initramfs: `sudo update-initramfs -u -k all` kwa familia ya Debian, `sudo dracut --force --kver` na namba ya kerneli kwa Fedora, `sudo mkinitcpio -P` kwa Arch.

Ukitupwa kwenye kidokezo cha `(initramfs)` badala ya panic (kerneli kujisimamisha kwa kosa kubwa), chanzo ni kingine. Initramfs imepanda, ila diski yenye mfumo haionekani. Andika `cat /proc/partitions`. Kama hakuna kinachoanza na `nvme`, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uangalie kama hifadhi imewekwa kwenye RST au VMD, njia za Intel za kusimamia diski. Hapo ama moduli ya `vmd` iongezwe kwenye initramfs, ama hali ibadilishwe kuwa AHCI, ile ya kawaida. Kwa mashine yenye Windows pembeni usibadilishe ghafla: Windows isiyoandaliwa kwa AHCI inaweza kukataa kupanda.

Zamani panic ikitokea wakati skrini ya picha imeshapanda, uliona picha iliyoganda tu, pengine na taa ya Caps Lock ikipepesa. Kerneli 6.10 ilianza kuchora ujumbe wa panic juu ya skrini yenyewe, na 6.12 ikaongeza msimbo wa QR wenye logi ndani yake, ukiupiga kwa simu unaisoma. Distro yako lazima iwe imekiwasha kipengele hicho, na draiva ya picha iwe inakikubali.

Skrini nyeusi baada ya GRUB

Kwenye GRUB bonyeza `e`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa `linux`, kisha Ctrl+X. Mashine ikipanda, umejua kwamba shida ni draiva ya picha. Usiliache neno hilo humo kama tiba ya kudumu, kwa kuwa linazuia draiva halisi na kukuachia picha nzito isiyo na kasi. Kwa kadi za AMD mpya kuliko distro yako, rudi kwenye habari ya fimwea: amdgpu bila fimwea yake haitoi chochote. Kwa Intel, draiva mpya ya xe iliingia kwenye 6.8, na picha za Lunar Lake na Battlemage ziliwashwa kwa kawaida kuanzia 6.12, hivyo kerneli ya chini ya hapo si mahali pa kuzitafutia dawa.

Ikiwa picha ipo ila mwanga haupandi wala kushuka, kumbuka kwamba 6.1 ilibadilisha namna kerneli inavyochagua mwenye mamlaka juu ya mwanga wa skrini. Jaribu `acpi_backlight=native`, kisha `acpi_backlight=vendor`, moja baada ya nyingine.

Sauti: Dummy Output tu

Kwa laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni, kinachokosekana ni fimwea ya sauti iitwayo SOF. Kifurushi ni `firmware-sof-signed` kwenye Debian, `alsa-sof-firmware` kwenye Fedora, `sof-firmware` kwenye Arch. Sakinisha, washa upya.

Laptopu imelala, asubuhi betri imeisha

`cat /sys/power/mem_sleep`. Ikiwa kuna `deep`, ule usingizi mzito wa zamani, waweza kuujaribu kwa kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari wa kerneli. Laptopu nyingi mpya zina `[s2idle]`, usingizi mwepesi, peke yake, kwa kuwa mtengenezaji hakuweka ule usingizi wa zamani, na hakuna kerneli itakayouumba. Kinachobaki ni kujua kama maunzi hulala kweli wakati wa s2idle. Ilaze dakika chache, iamshe, kisha usome `/sys/power/suspend_stats/last_hw_sleep`, faili lililopo kwenye kerneli za karibuni. Sifuri humaanisha kuna kifaa kilichokesha. Chomoa vya USB, uondoe moduli unazozishuku moja moja, ulaze tena.

Diski ya Windows imekataa kufunguka

Kerneli 5.15 ilipokea draiva mpya ya NTFS iitwayo ntfs3, iliyochangiwa na kampuni ya Paragon. Ni yenye kasi, ila ina msimamo mkali. Ikikuta alama kwamba diski haikufungwa vizuri, hukataa na kuandika `volume is dirty and "force" flag is not set!` Mara nyingi Windows ilizimwa kwa Fast Startup, ambayo huacha mambo nusu. Rudi Windows, ukizime kabisa kipengele hicho, uendeshe `chkdsk`, kisha urudi. Kulazimisha kwa `force` ni kuchezea data.

Toleo la jana lilifanya kazi, la leo halifanyi

Panda na kerneli ya jana. Kama kifaa kinarudi, usibadilishe kingine chochote, unao ushahidi mkononi. `journalctl --list-boots` hukupa orodha ya mara ulizowasha, na `journalctl -k -b -1` hukupa logi ya kerneli ya mara iliyopita. Hifadhi logi mbili, ya kerneli inayofanya kazi na ya kerneli mbovu, uzilinganishe kwa `diff` baada ya kuondoa alama za muda. Mstari uliopo upande mmoja tu ndio wa kuanza nao.

Kabla ya kuripoti, soma `/proc/sys/kernel/tainted`. Ikiwa si sifuri, huenda moduli ya nje imo ndani, na watunzaji wa kerneli watakuomba urudie bila hiyo. Kisha ujaribu kerneli ya karibuni isiyo na viraka vya distro. Tatizo likitoweka, ripoti iende kwa distro yako. Likibaki, ni la watunzaji wa kerneli.

Ukiwa na mashine yenye nguvu ya kujenga, `git bisect`, amri ya kutafuta badiliko lililoleta tatizo, ndiyo njia ya kumaliza ubishi. Toleo moja la kerneli hubeba mabadiliko elfu kumi na zaidi, ila kwa kugawa nusu kwa nusu, majaribio kumi na manne hivi yanatosha kufikia badiliko moja. Lipatikanapo, lipitishe kwenye `scripts/get_maintainer.pl`, skripti iliyomo ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe, nayo itakupa majina na orodha za barua za wanaohusika na faili lililobadilishwa. Tuma logi zote mbili, namba ya badiliko, na jozi ile ya namba za kifaa kutoka `lspci -nn`.